Supu si maji ya moto: kashamba ka supu kwa siku za baridi na za ugonjwa



Ninyi mnaoishi juu ya milima ya Masisi, Lubero, Kabare na Walungu, baridi hamhitaji kuelezewa. Mwezi wa sita na wa saba mvua inakatika, mbingu inabaki wazi usiku, na asubuhi umande unachoma vidole. Mwezi wa kumi na moja mvua inanyesha karibu kila mangaribi, na nguo hazikauke. Ni katika siku hizo watoto wanakohoaka, wazee wanaumwa mifupa, na kila nyumba inakuwa na mtu mmoja anayelala karibu na moto. Halafu kila nyumba inasema neno moja: mumupikie supu.

Neno hilo ni la hekima, wazee wetu hawakukosea. Lakini tuangalie ndani ya sahani ya mgonjwa. Mara nyingi tunakuta maji ya rangi, mafuta kidogo yanaelea juu, na ladha ya kube moja iliyonunuliwa dukani. Nyama, birayi na mboga zimebaki katika sufuria kwa ajili ya wazima, juu watu wanasema mgonjwa hawezi kula vitu vizito. Hivi wazima wanakula chakula, na mgonjwa anakunywa maji yenye chumvi. Ni yeye ndiye mwili wake unapigana vita.

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja: nguvu ya supu iko katika vitu vinavyobaki ndani ya sahani, na karibu vitu hivyo vyote ninyi wenyewe mnavilima. Shida ni kwamba tunaviuza vyote.

Nini inabaki ndani ya maji

Maji ya supu yana kazi yake. Yanatia mwili joto, yanalainisha koo, yanarudisha maji na chumvi kidogo kwa mtu aliyetoka jasho la homa. Mtu asiyeweza kutafuna anaweza kuyameza. Hatuyadharau.

Lakini protini ya nyama inabaki zaidi ndani ya nyama. Wanga wa birayi unabaki ndani ya birayi. Chuma cha maharagi kinabaki zaidi ndani ya maharagi. Ukimpa mgonjwa maji ya juu na kuacha ya chini, umempa harufu ya chakula. Na kube? Mara nyingi nusu yake ao zaidi ni chumvi. Inaleta ladha, haileti nguvu.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za maharagi makavu zinabeba gramu 20 hivi za protini, karibu sawa na gramu 100 za nyama mbichi ya ngombe. Sufuria yenye maharagi makavu ya gramu 400, ikigawanywa kwa watu 6, inampa kila mtu gramu 13 ao 14 za protini. Hiyo ni sahani inayojenga mwili, na hakuna mtu aliyechinja hata kuku.

Mazao yanashuka, kube inapanda

Kila asubuhi malori, pikipiki na chukudu zinashuka toka Kibumba kuelekea Goma zikibeba shu, karoti na puaro. Wakulima wa Lubero wanapelekaka birayi na maharagi Butembo. Wale wa Kabare na Walungu wanapelekaka mboga Bukavu. Ni vizuri, juu pesa ya masomo, ya chumvi na ya sabuni inatokea hapo. Koperative zenu zilianzishwa kusudi muuze pamoja kwa bei nzuri, na sisi tunawasaidia katika kazi hiyo.

Lakini katika mikutano na wamama tunasikiaka jambo lile lile kwa vijiji vingi: mtoto akiugua, hakuna karoti hata moja nyumbani. Zote zilienda siku ya soko. Basi mama anatuma mtoto mwingine dukani kununua kube na tomati ya mukebe. Nyumba inayolima mboga za mji mzima inapika supu bila mboga.

Hatusemi muache kuuza. Tunasema sehemu ndogo isiingie katika hesabu ya soko tangu siku ya kupanda. Kitu kinachongojea kubakizwa wakati wa mavuno hakibakiaka. Mnunuzi akifika na pesa mkononi, hata ile karoti ya mtoto itaenda. Kwa hiyo tunapendekeza kashamba ka supu karibu na nyumba, kenye mipaka, ambako kila mtu wa nyumba anajua kwamba hakauzwi.

Namna ya kupanga kashamba

Vitalu viwili vinatosha kwa kuanza. Kila kimoja kiwe na upana wa metre 1,20 na urefu wa metre 5, kusudi uweze kufikia katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Kwa muteremko, vitalu vilale kukatisha mulima, visifuate maji.

*Kitalu cha kwanza: puaro na karoti.* Puaro inaanzia kwa pepinyeri. Inakaa huko majuma 8 mpaka 10, hata mche unafikia unene wa kalamu. Kiisha unaupanda katika mistari iliyoachana santimetre 30, na santimetre 15 kati ya mche na mche. Fanya tundu la kina cha santimetre 15 hivi kwa kijiti, weka mche, mwanga maji, acha udongo ushuke wenyewe. Hivyo shina linakuwa refu na jeupe. Mistari miwili ya metre 5 inabeba puaro 66. Ukitumia puaro 2 kwa sufuria, umepata sufuria 33. Tena puaro ina wema mmoja: ikikomaa inaweza kubaki udongoni muda mrefu ikikungojea. Unangoa mbili leo, nyingine juma lijalo.

Karoti inapandwa moja kwa moja fasi itakapokomaa, haipendi kuhamishwa. Ikiota, ipunguze mpaka ibaki santimetre 5 kati ya moja na nyingine. Usiweke mbolea mbichi ya ngombe katika kitalu chake, juu mizizi itagawanyika kama vidole. Tumia mboji iliyooza vizuri, ao panda karoti fasi uliyoweka mbolea kwa ajili ya shu msimu uliopita. Inakomaa kwa miezi 3 mpaka 4. Usipande mstari mzima siku moja: panda kipande, ngojea majuma matatu, panda kingine.

*Kitalu cha pili: lengalenga, kitunguu na seleri.* Lengalenga ndiyo ya haraka. Juma la nne tayari unakata, na ukikata juu inachipuka tena. Seleri inachelewa, lakini miche mitano ao sita inatosha nyumba nzima, juu unachuma majani ya nje tu na katikati inaendelea kukua.

*Pembeni:* shina moja ao mawili ya maboga karibu na shimo la mboji. Boga livunwe likiwa limekomaa kabisa, ngozi ngumu isiyoingia ukucha, na uache mkia wake juu. Likiwekwa fasi kavu yenye hewa, bila kugusa udongo, linakaa miezi. Ni akiba isiyodai dawa wala umeme.

Kwa maharagi, hamhitaji kitalu. Toeni sehemu yenu siku ya kupepeta. Mukiwa na mbegu za maharagi yenye chuma mingi, zile ambazo INERA Mulungu imefanyia kazi pamoja na wengine hapa Kivu, ndizo za kubakiza kwanza, zaidi kwa wamama wenye mimba na kwa watoto. Na mtunze ya msimu mpya kwa ajili ya mgonjwa. Maharagi yaliyokaa sana katika joto na unyevu yanakuwa magumu, hata ukichoma kuni mzigo mzima hayaivi vizuri.

Kwa nini maharagi yanachelewa kuiva juu ya mulima

Wengi wanadhani maharagi ya milima ni mabaya juu yanachelewa kuiva. Sababu ingine ni maji yenyewe. Chini kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema, karibu digri 1 pungufu kwa kila metre 300. Goma, kwa metre 1.500 hivi, yanachemka karibu digri 95. Kwa metre 2.000 ni digri 93 hivi. Sufuria inatokota kwa nguvu, lakini joto ndani yake ni dogo. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yakisha kuchemka hayapandi tena, yanaisha tu.

Basi fanyeni hivi. Loweka maharagi usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Hiyo inapunguza muda wa kupika na gesi ya tumbo. Funika sufuria, weka jiwe juu ya kifuniko. Yakianza kuchemka kwa nguvu, acha yatokote hivyo dakika 10 angalau, kiisha punguza moto na uendelee polepole mpaka yalainike. Dakika hizo 10 za mwanzo ni za lazima: maharagi yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, hata kwa mtu mzima mwenye afya.

Kwa nyumba inayopika na makala, kuloweka ni pesa inayobaki mfukoni. Kwa milima inayozunguka Virunga, ni miti inayobaki imesimama.

Supu tatu kutoka kashamba

*Supu ya maharagi na puaro, kwa watu 6.* Maharagi makavu vikombe 2, yaani gramu 400 hivi, yaliyolowekwa, puaro 2, karoti 3, birayi 4 za katikati, tomati 2, tawi moja la seleri, kijiko kikubwa kimoja cha mawese, chumvi kijiko kidogo kimoja. Pika maharagi katika lita 3 za maji mpaka yalainike kabisa. Toa gobelet moja, uiponde, urudishe: hiyo ndiyo inafanya supu kuwa nzito. Weka birayi na karoti zilizokatwa ndogo, kiisha dakika 10 puaro, tomati na seleri. Zikiiva, weka mawese na chumvi. Puaro ioshwe vizuri kati ya majani yake, juu inaficha udongo.

Mawese tunayapendekeza mekundu, na yasichomwe mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio vitamini A ya macho na ya kinga ya mwili. Ukiuchoma, umebaki na mafuta tu. Tena vitamini A ya karoti na ya boga haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo.

*Supu ya boga na karanga, kwa watu 4.* Hii ni ya mtu mwenye vidonda kinywani, mzee asiye na meno, ao mtoto aliyekataa chakula. Boga lililomenywa kilo 1, puaro ao kitunguu 1, unga wa karanga nusu gobelet, chumvi kidogo. Chemsha boga na puaro katika lita moja ya maji dakika 20 ao 25, uponde humo humo. Koroga unga wa karanga na maji baridi kwanza kusudi usifanye madonge, umimine, upike tena dakika 10 mpaka 15 ukikoroga. Kwa mtoto, iwe nzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko bila kutiririka. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa ao zenye rangi ya ajabu zitupwe. Sumu ya ukungu huo inadhuru maini, na moto hauimalizi.

*Supu ya sambaza na lengalenga, kwa watu 6.* Sambaza ni samaki mdogo wa ziwa Kivu aliyeletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo hakuna soko la Kivu linalomkosa. Ukimla mzima na mifupa yake, unapata kalsiamu pamoja na protini. Chukua sambaza kavu vikombe 2, toa mchanga, uzikaange kidogo bila mafuta kusudi harufu ipungue. Kaanga kitunguu, tomati na tangawizi ya kupondwa katika mawese kidogo, weka birayi 5 zilizokatwa, lita 2 za maji, kiisha sambaza. Birayi zikiiva, weka fungu moja la lengalenga, dakika 5 tu, utoe kwa moto. Kwa mtoto mdogo, sambaza zitwangwe kwa kinu ziwe unga.

Kwa supu zote tatu, ukiwa na ndimu, kamua kidogo ndani ya sahani. Inasaidia mwili kupokea chuma cha maharagi na cha majani. Chai inafanya kinyume, basi ingojee saa moja baada ya kula. Na ndimu, tangawizi na seleri zinaweza kuchukua fasi ya kube, zaidi kwa mzee mwenye tasiyo ya kupanda.

Siku mukichinja kuku kwa ajili ya mgonjwa, nyama yake ya kwanza ni ya mgonjwa. Ikatwekatwe ndogo sana, irudi ndani ya supu yake.

Namna ya kumpa mgonjwa

Mgonjwa hana hamu ya sahani kubwa. Mpe kidogo kidogo, kila saa mbili ao tatu, ya moto kiasi cha kunyweka. Kama anatapika, anza na maji ya supu kwa vijiko, lakini hali ikitulia rudisha vitu vya ndani siku hiyo hiyo. Kwa asiyeweza kutafuna, ponda kila kitu. Kizito ni kile ambacho hakikupondwa.

Mtoto asiyefikia miezi 6 hapewi supu. Maziwa ya mama yanatosha, hata akiugua, na anyonye mara nyingi zaidi. Mtoto mkubwa anayepona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili kusudi arudishe kilo alizopoteza.

Supu ipikwe ya siku moja. Iliyobaki usiku kando ya moto vuguvugu ni fasi nzuri ya kuzalisha vijidudu. Ikibaki, ifunikwe, iwekwe fasi ya baridi, na asubuhi ichemke kabisa kabla ya kupewa mtu.

Sasa, wapi supu inaishia. Homa inahitaji kupimwa malaria kwenye kituo cha afya, na hakuna supu inayoua malaria. Mtu anayeharisha anahitaji SRO kwanza: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kama pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayeharisha anahitaji pia zinki kwa siku 10 mpaka 14. Ulizeni reko wa kijiji ao muganga. Kuharisha kama maji ya mchele ni dalili ya kolera: usingojee asubuhi, peleka mtu kituoni huku ukimpa SRO njiani. Vile vile mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege, ao anayepumua kwa shida. Sufuria ibaki nyumbani, miguu iende.

La kuzungumza katika mkutano

Nyumba moja ikinunua pakiti ya mbegu za puaro, nyingi zitaharibika, juu mbegu hizo hazidumu. Kisha mwaka mmoja ao miwili zinakataa kuota. Lakini gramu moja ina mbegu zaidi ya 300, basi pakiti ya gramu 10 ni zaidi ya 3.000. Hata nusu ikipotea, miche 1.500 inayobaki inatosha nyumba 22 kupata puaro 66 kila moja. Pepinyeri moja ya koperative, mtu mmoja wa kumwangilia maji kwa zamu, na kila mwanamemba anarudi nyumbani na miche yake.

Tunaomba prezida na kamati waweke maswali matatu katika kaye ya mkutano ujao. Nani atatoa fasi ya pepinyeri karibu na maji? Siku gani miche itagawanywa, kabla ya msimu A wa mwezi wa tisa ao wa B wa mwezi wa pili? Na tatu, ambalo linawahusu wapapa na wamama pamoja: vitalu gani viwili kila nyumba inakubali, mbele ya wengine, kwamba havitauzwa?

Wataalamu wetu watapita na mbegu na kamba ya kupimia. Kazi ya kuchagua kipande cha udongo ni yenu, na inaweza kufanyika kesho asubuhi.